Mama wa Jumamosi

Jumapili, 2 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza nikutoe wasiwasi: ninakula, ninalala, na godoro la muhula huu lina afadhali. Nimepewa kitanda namba kumi na saba, chini ya dirisha lisilofungika. Wa kumi na nane ni msichana anayeongea hata usingizini. Mimi namwita Jirani, naye ananiita Jirani, na tumeridhika hivyo.

Jana tulikuangalia. Televisheni ya bwalo siku hizi inafungiwa ndani ya sanduku la chuma, na mlezi wa bweni, tunayemwita Filimbi, hulifungua Jumamosi saa kumi na moja tu, kwa ajili yako. Ulipoanza kuongea na yule binti yako wa kwenye tamthilia, wasichana mia mbili walinyamaza kama wamemwagiwa maji. Mmoja nyuma yangu akasema, "Una bahati wewe! Yaani Mama wa Wote ndiye anakuamsha asubuhi!" Nikacheka tu. Sikumwambia kwamba nakuona zaidi kwenye hilo sanduku kuliko nyumbani.

Sasa nina jambo, na usinicheke. Siku ya kwanza Jirani aliniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nilitaka kusema fundi umeme. Kisha nikaliona swali linalofuata, kwamba anaishi wapi, na la baada ya hilo, kwamba mbona haishi na ninyi. Mdomo ukanitangulia. Nikasema amefariki.

Mama, walilia! Walinifulia sare wiki nzima. Filimbi mwenyewe aliniruhusu kulala mchana. Baba yupo buheri wa afya, anaishi na mkewe na mapacha vituo viwili kutoka kwetu, na mimi huku nimeshamzika na kupewa pole. Siku ya wageni ni tarehe 30 Machi. Nikisema ukweli nimekwisha, nisiposema nimekwisha vilevile. Nifanyeje?

Usimwambie mtu. Hata Bibi.

Wako,
Chiriku


Jumatano, 12 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kwenye kiti cha mpambaji, nusu ya uso nikiwa mimi, nusu nikiwa Mama wa Wote. Nilicheka mpaka wanja ukaniingia jichoni. Halafu nikaacha kucheka, maana nilikuona umekaa juu ya hicho kitanda unapokea rambirambi za mtu anayetengeneza taa za watu.

Ushauri wangu: mwambie Jirani peke yake kwanza. Chagua wakati ana usingizi. Akikuelewa, atakusaidia kuwaambia wengine. Akikasirika, angalau atakasirika mtu mmoja.

Huku kazini hewa ni nzito. Mtayarishaji anasema watazamaji wamemchoka mama mwema, eti mama mwema hana hadithi. Miwani, yule mwandishi wetu, rafiki yangu, ameniambia kwamba kuna sehemu imeshaandikwa, imewekwa kwenye droo. Humo napanda ngazi kwenda kuanika nguo na sishuki tena. Miaka saba ya kazi, na mwisho wangu ni ngazi! Na wakinitoa, mkataba unanikataza kuigiza kwingine kokote mpaka miaka yangu miwili iliyobaki iishe. Wao wana mlango wa kunitolea. Mimi sina wa kutokea.

Lakini hayo yasikusumbue. Soma. Kula. Siri yako imekaa kifuani mwangu, na kifua changu hakina dirisha.

Mama


Jumapili, 16 Machi

Mama,

Jana saa kumi na moja na dakika ishirini binti yako alisimama mbele ya wenzake akasema baba yake amefariki. Simaanishi mimi. Yule mwingine.

"Walinifulia sare wiki nzima, Mama," akakwambia, analia. Na wewe ukamkumbatia.

Kwanza nilidhani masikio yangu yana kasoro. Kisha nikaona vichwa vinageuka, safu moja baada ya nyingine, mpaka bwalo zima likawa linaniangalia mimi, na televisheni inaongea peke yake. Jirani hakugeuka. Alikuwa anaangalia mikono yake. Alipomaliza kuiangalia akaniuliza, taratibu kabisa, "Baba yako yupo hai?"

Nikakaza macho kwenye televisheni. Akasema, "Mimi wangu amekufa kweli. Ndiyo maana nilikufulia."

Hilo nilikuwa silijui, Mama. Hakuwahi kuniambia, pamoja na maneno yake yote yale.

Amehamia kitanda namba nne. Mimi naitwa Yatima wa Jumamosi. Leo asubuhi kwenye foleni ya uji walinipisha mbele, wote, wakiinamisha vichwa kama msibani, halafu wakaangua kicheko.

Ulimwambia nani?

Binti yako, yule wa kwanza


Alhamisi, 20 Machi

Chiriku,

Nimeumia kusikia hayo. Lakini tafadhali usikimbilie kunihukumu. Mambo kama hayo yapo kila mahali. Ni wasichana wangapi wamewahi kusema baba yao hayupo? Waandishi huokota hadithi sokoni, kliniki, kwenye foleni za benki. Miwani ana watoto watatu, wapwa hata idadi siijui. Mimi hupewa karatasi asubuhi na kusema kilichoandikwa. Nilipoisoma ile sehemu hata mimi nilishtuka.

Wasichana watasahau. Wiki mbili tu, watapata mtu mwingine wa kumcheka.

Siku ya wageni sitaweza kuja, tunarekodi. Nimekutumia mafuta ya nywele na biskuti kwa dereva.

Mama


Jumapili, 30 Machi

Mama,

Baba alikuja. Sijui alisikia wapi kwamba leo ni siku ya wageni. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa, akakaa na mimi kwenye benchi karibu na bomba la maji. Wasichana wakaja kumsalimia, mmoja mmoja, bweni zima. "Shikamoo, Baba." "Shikamoo, Baba." Walikuwa wanamkagua kama ana kivuli.

Yeye alifurahi sana. Akasema, "Shule hii inafundisha adabu."

Nilimwangalia akiwa anaitikia marahaba zake zote zile, na nikajua kwamba siwezi kumwambia, leo wala siku nyingine.

Sasa nisikilize. Maneno "walinifulia sare wiki nzima" niliyaandika mara moja tu maishani mwangu, kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo nilikutumia wewe. Kwenye televisheni unadanganya vizuri, Mama. Kwa barua huwezi.

Likizo nitakwenda kwa Bibi. Usitume gari.

Mimi


Jumatatu, 7 Aprili

Mwanangu,

Ni kweli. Ni mimi.

Ilikuwa tarehe kumi na nne Februari. Mtayarishaji alikuwa ameitoa ile sehemu ya ngazi kwenye droo. Miwani akaingia chumba cha kupambia, akafunga mlango, akaniambia, "Wanakaa kikao saa nane. Nipe kitu cha kweli, chochote, niwapelekee. La sivyo Jumanne unapanda ngazi."

Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilijiambia nitamgusia tu, kwa mbali, bila kutaja mtu. Lakini mimi ni mwigizaji, Chiriku. Nikipewa maneno mazuri siwezi kuyasema vibaya. Niliitoa nikamsomea yote, kwa sauti yako. Hata kukaa hakukaa. Aliandika akiwa amesimama, kwenye ukuta.

Ngazi zimefutwa. Wiki ile sehemu yako ilipotoka, barua za watazamaji zilijaa masanduku mawili. Wameniongezea miaka mitatu juu ya ile miwili, na nimesaini. Nilisaini siku moja baada ya kukuandikia ule uongo.

Jana kwenye duka la dawa mama mmoja alinishika mkono, akamsukuma binti yake mbele yangu. "Mama wa Wote, zungumza na huyu, mimi hanisikii." Nikazungumza naye. Nilizungumza vizuri, na mtoto akalia, na mama yake akalia, na muuza dawa akafuta macho. Nikatoka nje nikasahau nilichofuata.

Sikuombi unisamehe haraka. Nakuomba uandike.

Mama


Jumapili, 18 Mei

Chiriku,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Bibi anasema likizo nzima ulikuwa mzima, ulimsaidia kupaka rangi jiko, na hukunitaja hata mara moja.

Miwani huniuliza kila Jumatatu, "Mtoto ameandika nini?" Nilimjibu hajaandika. Akaliandika hilohilo. Sasa binti wa tamthilia hasemi na mama yake. Amejifungia chumbani, na mimi nabisha mlango.

Nataka ujue huo mlango ulivyo. Ni ubao uliosimamishwa kwa mifuko ya mchanga. Nyuma yake hakuna chumba, kuna fundi mmoja anaushikilia usianguke nikibisha. Nimeubembeleza huo ubao mara kumi na moja siku moja. Nilisema, "Nifungulie, nipige, nitukane, ila usininyamazie," na hakuna aliyeniandikia hayo. Mwongozaji akasema, "Safi sana! Mara moja tena, na safari hii usilie mapema."

Nikaacha kulia mapema. Nimejaribu kuigiza vibaya makusudi, wiki mbili sasa. Wanasema ninazidi kuwa mkweli.

Andika, hata mstari mmoja. Sitauonyesha kwa mtu yeyote.

Mama


Jumapili, 1 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nimefikiria mengi na nimeona nikuambie wewe kabla ya mtu mwingine.

Nimechoka hapa. Jumamosi ya tarehe 28 Juni tuna siku ya michezo, na walimu wote watakuwa uwanjani. Nyuma ya jiko uzio una tundu. Nitatoka hapo saa sita mchana na kwenda kwa Baba. Yeye hajui. Nitajitokeza tu mlangoni na begi, nikae na mapacha, nisome shule ya kutwa. Kwake hakuna anayeniandika.

Usiwaambie walimu. Hapa anayejaribu kutoroka anafukuzwa, hata kama hajavuka uzio. Wala usimwambie Baba. Nimekuambia wewe kwa sababu umesema hutaonyesha mtu.

Chiriku


Jumamosi, 7 Juni

Chiriku wangu,

Nimeisoma mara tano, nimesimama bafuni, maji yanamwagika ili mtu asisikie nikilia. Halafu nimeiweka ndani ya nguo yangu. Iko hapa sasa, inanikwaruza.

Usiende. Nakusihi kwa mdomo wangu mwenyewe. Baba yako si mtu mbaya, lakini nyumba ile haikutarajii. Utasimama mlangoni na begi lako, yule mama atatazamana na baba yako, na wewe utaliona hilo tazamo maisha yako yote. Mimi nimewahi kuliona.

Nimefungwa pande zote. Nikiwapigia walimu, unafukuzwa. Nikimwambia baba yako, nakuwa nimekusaliti tena. Tarehe 28 tunarekodi harusi ya kwenye tamthilia, watu sitini kwenye ukumbi wa kukodi, na mimi ndiye mama wa bi harusi. Miwani anaona ninaficha kitu. Jana aliniambia, "Umepata barua wewe, uso wako unasema." Nikamwambia ni jino.

Hajaiona. Hataiona. Nijibu tu neno moja, kwamba hutakwenda.

Mama


Jumapili, 29 Juni

Kwa Mzazi wa mwanafunzi wa kitanda namba 17,

Kwa heshima. Naandika kukushukuru kwa kufika kwenye siku yetu ya michezo, ingawa kama ungetujulisha mapema tungekuwekea kiti pamoja na wageni wa heshima badala ya wewe kukimbia kutoka getini kwa miguu.

Nikuhakikishie kwamba binti yako hakuwa na kosa lolote. Alikuwa ameketi kivulini akihesabu mizunguko ya wakimbiaji, kazi niliyompa mimi mwenyewe kwa kuwa ni mwangalifu. Naelewa hamu ya mzazi kumwona mtoto. Hata hivyo mbio za mita elfu moja na mia tano zilibidi zirudiwe, kwa sababu hesabu ilipotea, na kwa sababu wakimbiaji wawili walisimama kukuangalia.

Ulipomshika mkono ukasema, "Hutoki! Hutoki!" mimi na wageni tulidhani ni maneno ya tamthilia, ndiyo maana wasichana walipiga makofi. Baadaye nikaona haukuwa mchezo, nikawapa ofisi yangu. Sikusikiliza, ingawa ukuta ni wa mbao. Mlikaa humo saa nzima na sikusikia mtu akisema chochote cha maana.

Gauni lako lilikuwa na pini mgongoni, zipatazo ishirini. Nilizitoa mbili zilizokuwa zinakuchoma. Natumaini ulifika salama.

Mlezi wa bweni


Alhamisi, 3 Julai

Chiriku wangu,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia mwisho: wamenifukuza. Barua ina mistari mitatu. Watu sitini walikaa ukumbini na maua yao, bi harusi amesimama, na mimi nikasema naenda msalani. Nikapitia mlango wa jikoni, nikasimamisha gari la kwanza nililoliona.

Kuna kifungu cha kumi na nne. Anayeacha kazi katikati haruhusiwi kuonekana wala kusikika, kwenye televisheni, filamu, jukwaani, hata tangazo la sabuni redioni, mpaka mkataba wake uishe. Wangu una miaka mitano kasoro miezi mitatu. Nitakuwa na miaka arobaini na tisa. Nilimwuliza mwanasheria kama kuna pa kupenya. Alikisoma mara mbili, akavua miwani yake, akaniambia aliyekiandika alijua kazi yake.

Jumamosi hii utaona mama mwingine amevaa gauni langu. Nimeambiwa watasema nilikwenda kutibiwa sura baada ya ajali. Ucheke tu.

Lakini mwanangu, nilifika na hukuwa umetoka! Ulikuwa umekaa pale na karatasi yako, unahesabu, na nilikushika. Usiku huo nililala usingizi ambao sijalala tangu Februari. Ningeambiwa nirudie, ningerudia.

Mama


Jumapili, 13 Julai

Mama,

Nimemwona. Ana sauti nzuri kuliko yako na hajui kumshika mtu. Bwalo lilizomea. Filimbi alifunga sanduku kabla ya mwisho.

Nina la kukuambia, na nimelianza mara nyingi, kwa hiyo nitalisema bila mapambo. Sikuwa naenda popote. Uzio wetu hauna tundu. Nyuma ya jiko kuna ukuta wa matofali, na juu yake kuna chupa zilizovunjwa. Nilikuandikia uongo ule ili nione kama uongo huo utatokea kwenye televisheni.

Nilikutegea, Mama. Jumamosi ya kwanza nilikaa mbele kabisa. Haukutokea. Ya pili, haukutokea. Nilitakiwa nikuandikie hapohapo, lakini nikajisemea, moja tena, labda wanachelewa kurekodi. Barua yako ya "usiende" niliisoma na nikaamini nusu. Nikasubiri nusu iliyobaki.

Kisha nikakuona unakimbia uwanjani na lile gauni.

Ofisini kwa Filimbi nilifungua mdomo. Ulikuwa unanuka poda na jasho, ukaniambia, "Asante kwa kutokwenda." Ungekuwa wewe, ungesema nini baada ya hapo?

Nimekuharibia kazi kwa kitu ambacho hakikuwepo. Jirani nimemwambia. Ananisemesha siku hizi, hesabu tu, lakini hili alilisikiliza lote. Akasema nikuambie.

Chiriku


Alhamisi, 24 Julai

Mwanangu,

Nimekaa na barua yako siku nane. Niliandika majibu matatu, mazuri, yenye huruma, na yote nikayachana, kwa sababu yaliandikwa na Mama wa Wote. Yeye alikusamehe papo hapo. Mimi bado.

Nilikukosea, najua. Nilichukua kitu chako nikakiuza kwa uoga wangu. Lakini nilikiri, nikaomba, nikabisha, na wewe ukakaa mstari wa mbele kila Jumamosi kunisubiri nianguke. Miaka mitano, Chiriku! Sina kazi nyingine ninayoijua. Asubuhi naamka saa kumi na moja kwa mazoea, nanawa uso, nakaa kitandani, na hakuna anayenisubiri popote. Nina hasira na wewe. Nimeiandika ili ujue kwamba ni mimi ninayeandika.

Sasa lingine. Juzi Miwani alikuja nyumbani. Nilikuwa nimejaa hadi hapa, nikamwambia. Kwa hasira, jikoni, sikukaa hata kufikiria. Ndiyo, tena. Akasema, "Hiyo ndiyo hadithi." Watazamaji hawamtaki yule mama mwingine. Mtayarishaji yupo tayari kukichana kifungu cha kumi na nne na kunirudisha, nikirudi na hiyo: binti anayemtegea mama yake uongo.

Safari hii nakuuliza. Wanataka ruhusa yako kwa maandishi, na saini. Ukikataa, basi. Lakini sitakuficha kwamba nataka kurudi. Nataka sana.

Mama


Jumanne, 29 Julai

Mpendwa Mama,

Mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kitanda namba kumi na saba, ninakuruhusu kutumia habari zangu zote, za kweli na za uongo, kadiri mtakavyoona inafaa. Sina pingamizi lolote. Ninafanya hivi kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu.

Ninaomba tu, kama inawezekana, Jirani asiwemo.

Nakutakia kazi njema.

Saini yangu ipo hapo chini.


Jumatano, 6 Agosti

Mwanangu,

Juzi niliipeleka barua yako ofisini kwao. Nilivaa vizuri. Mlinzi alinifungulia geti kabla sijafika, mpambaji akanikumbatia akaanza kunikagua nyusi. Mtayarishaji alikuwa ameshaweka mkataba mpya mezani, na kalamu juu yake. Akasema, "Karibu nyumbani."

Miwani akaniomba niwasomee ruhusa yako kwa sauti, kwa sababu nasoma vizuri. Nikasimama. Nikaanza vizuri kabisa, mpaka nilipofika kwenye "kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu." Sauti ikakataa. Maneno hayo nayajua. Yapo chini ya kila mkataba niliowahi kusaini, na huu uliokuwa mezani ulikuwa nayo pia, ukurasa wa mwisho, juu kidogo ya nafasi ya jina langu. Sijawahi kuyasaini nikiyaamini.

Miwani akasema, "Mtoto amekubali. Unangoja nini?"

Nikamwambia, "Hajakubali. Amesaini."

Hakunielewa, au alinielewa. Akatazama meza. Mtayarishaji akasema nikitoka kwenye ule mlango nisije kuubisha tena. Nikaichukua barua yako, nikatoka. Mpambaji alinifuata mpaka getini akiwa na brashi mkononi.

Nilipofika kituoni nilijuta. Sitakudanganya. Nilikaa pale nikapitisha magari mawili, nikihesabu kama naweza kurudi ndani na kusema nilikuwa natania. Nyumbani nilijuta tena. Hata sasa nikisikia muziki wa mwanzo wa tamthilia kwa majirani nafunga dirisha.

Jumatatu naanza kazi kwenye duka la vitambaa, kwa rafiki wa Bibi. Nilikwenda jana kujifunza kupima. Mteja wa kwanza aliniita Mama wa Wote, akaniomba nimwigizie kidogo tu, hata neno moja. Nikamwambia siruhusiwi kisheria. Akacheka mpaka akanunua mita sita.

Hasira yangu imepungua. Haijaisha. Nadhani na yako ni hivyohivyo, na una haki. Jirani, kama anakuja kusalimia likizoni, mwambie anakaribishwa, na kwamba humu ndani hakuna tena wa kumpeleka kwa mwandishi. Baba yako nimempigia simu. Sikumwambia lolote. Nilimwambia tu kwamba una benchi karibu na bomba, na kwamba siku ya wageni ya muhula ujao awahi.

Shule inafungwa Ijumaa. Sitatuma gari. Nitakuwa getini mwenyewe saa nne, na viatu vya kawaida. Tutakuwa na wiki tatu, vyumba viwili, na hakuna wa kutuambia turudie. Nimekuwa najaribu tangu asubuhi kupanga nitakachokuambia ukitoka na begi lako, na sijapata. Hakuna aliyeniandikia.

Mama